Mchimba Kisima: Sheria ya Uchochezi Unguja, na Kimya Tulichohamia Nacho Flemingdon Park

Jumapili moja tulikutana katika fleti ya Flemingdon Park, hapa Toronto, kwa khitma ya mzee wetu aliyetangulia mbele ya haki. Baada ya dua, wakati sahani za biriani zinapangwa, mjukuu wa mwenye nyumba alimgeukia babu yake. Kijana huyu yuko skuli ya sekondari, na mwalimu wake wa historia alikuwa amewataka wanafunzi wawahoji wazee wao. Akauliza kwa Kiswahili chake cha hapa: "Babu, kule Unguja walipokufunga, kosa lako lilikuwa nini?"

Chumba kizima kikanyamaza. Walikuwemo wazee waliokuwa Hizbu, walikuwemo waliokuwa Afro-Shirazi, na mmoja alikuwa Umma. Kila mmoja alikijua kisa. Mwenye nyumba alifungwa baada ya Mapinduzi, naye wakati huo alikuwa kijana anayeuza gazeti la chama mitaani. Hakuwa na cheo wala silaha. Mzee akatazama mkeka, kisha akasema, "Tule kwanza, mwanangu." Tukala, na swali likabaki pale pale.

Makala haya ni jaribio la kulijibu swali la kijana yule. Jibu langu ni kwamba kosa la babu yake lilikuwa ni maneno, na kwamba sheria ya kuwaadhibu watu kwa maneno haikuzuka Unguja usiku wa tarehe 12 Januari 1964. Ilikuwepo kabla. Ilipita mkono kwa mkono, na karibu kila aliyeishika ili kumnyamazisha mwenziwe, ilikuja kumla yeye mwenyewe. Wazee wetu walisema: mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mtaa wetu na waliokuja kuuishi

Wasomaji wetu walioko Maskati, Dubai, London na Mombasa huenda hawaijui Flemingdon Park. Ni mtaa wa majengo marefu ya fleti karibu na njia panda ya Don Mills na Eglinton, juu ya bonde la mto Don. Ulianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika ardhi iliyokuwa shamba la Robert Fleming, aliyewahi kuwa meya wa Toronto, na jina la mtaa limetokana na lake. Mwaka 1967 Kanada ilibadilisha utaratibu wa uhamiaji, ikaanza kumpima mwombaji kwa elimu na ujuzi wake badala ya nchi anayotoka. Mwaka 1972 ikawapokea maelfu ya Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin. Hapo ndipo mtaa huu na jirani yake, Thorncliffe Park, vilipokuwa bandari ya kutia nanga kwa watu wa Afrika Mashariki. M. G. Vassanji, mwandishi aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, aliyaandikia maisha ya namna hii riwaya yake No New Land, iliyotoka mwaka 1991.

Nayataja haya kwa sababu moja. Katika lifti moja ya jengo letu anaweza kupanda mtu wa Ng'ambo, mtu wa Mji Mkongwe, mtu wa Kampala na mtu wa Mombasa. Kila mmoja ana kisa chake cha kuondoka, na ukivichimbua visa hivyo, mara nyingi chini yake utakuta mtu aliyesema au kuandika jambo, na mwenye nguvu asiyetaka lisemwe.

Kalamu kabla ya siasa

Pwani yetu haikufundishwa na mtu wa nje thamani ya neno lililochapwa. Katika enzi ya Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, Unguja ilikuwa na kiwanda cha chapa cha Kiarabu kilichotoa vitabu vikubwa vya fiqhi ya Kiibadhi. Gazeti rasmi la serikali lilianza mwaka 1892, na mwanzoni mwa karne ya 20 Wahindi wa Unguja walikuwa na Samachar, lililoandikwa kwa Kigujarati na Kiingereza. Mwaka 1911 likatoka Al-Najah, gazeti la Kiarabu lililosimamiwa na mshairi na kadhi mkubwa, Sheikh Nasir bin Salim al-Ruwahi, maarufu kwa jina la Abu Muslim al-Bahlani. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 Jumuiya ya Waarabu ilikuwa na Al-Falaq.

Mombasa nayo haikubaki nyuma. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza na As-Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, kwa Kiswahili na Kiarabu. Alichokifanya Sheikh Al-Amin kinafaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba uhuru wa kusema ni mtindo wa Kizungu. Alitumia gazeti kuwakosoa watu wake mwenyewe: uvivu wao wa elimu, mila zilizovishwa nguo za dini, na kuiga Uzungu bila ya kufikiri. Alikuwa mwanachuoni, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Hakuona mgongano baina ya cheo cha dini na wajibu wa kusema wazi. Kwake, kunyamaza mbele ya kosa ndiyo iliyokuwa aibu.

Kesi ya Al-Falaq, 1954

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, maneno ya magazeti yaliligusa jambo ambalo mtawala hakupenda liguswe, nalo ni utawala wenyewe. Tangu mwaka 1926 Unguja ilikuwa na Baraza la Kutunga Sheria ambalo wajumbe wake wasio maofisa waliteuliwa kwa kabila zao. Mwafrika wa kwanza, Sheikh Ameri Tajo, aliingia barazani mwaka 1946, miaka 20 baada ya baraza kuundwa. Vijana waliorudi kutoka masomoni Misri na Ulaya walianza kudai daftari moja la wapiga kura na uchaguzi usiomtazama mtu rangi. Al-Falaq likayachapa madai hayo, likaushutumu utawala wa Kiingereza kwa maneno makali, na likazungumzia harakati za ukombozi za nchi nyingine.

Mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliishtaki kwa uchochezi kamati tendaji nzima ya Jumuiya ya Waarabu, na ikatiwa hatiani. Tuliangalie jambo hili vizuri. Haikushitakiwa kalamu moja tu bali kamati yote, wakiwemo watu wazima wenye heshima zao. Waarabu wakajibu kwa kuligomea Baraza la Kutunga Sheria kwa muda wa miezi 18.

Je, sheria hiyo ya uchochezi ilisema nini? Kama ilivyokuwa katika makoloni mengine ya Kiingereza, ilihesabu kuwa ni uchochezi kusema au kuchapa neno lenye nia ya kuleta chuki au dharau dhidi ya serikali, au kutia uadui baina ya makundi ya watu. Haikumtaka mshitaki athibitishe kwamba mtu yeyote alihimizwa kushika panga. Neno "chuki" lilitosha, na mwenye kuamua chuki ni nini alikuwa ni yule yule aliyekosolewa.

Himaya moja, hukumu mbili

Hapa naomba msomaji anivumilie nitoke Unguja kidogo, kwa kuwa ziko hukumu mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, hueleza tofauti baina ya nchi tuliyoiacha na nchi tuliyoijia.

Ya kwanza ilianzia Accra. Mwaka 1936 I. T. A. Wallace-Johnson, mwandishi na mtetezi wa wafanyakazi kutoka Sierra Leone, aliandika makala makali dhidi ya ukoloni katika African Morning Post, gazeti lililohaririwa na Nnamdi Azikiwe, ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa Nigeria. Wallace-Johnson alitiwa hatiani kwa uchochezi, akakata rufaa hadi mahakama ya mwisho ya himaya, London. Hoja yake ilikuwa kwamba hakumhimiza mtu yeyote kufanya fujo. Katika hukumu inayojulikana kwa mwaka 1940, majaji walimjibu kwamba kwa sheria ya koloni lile, fujo si sharti. Maneno peke yake yanatosha.

Ya pili ilitoka Quebec, hapa Kanada. Mkulima mmoja wa madhehebu ya Mashahidi wa Yehova, kwa jina Boucher, aligawa kijitabu kilichowalaumu kwa ukali viongozi, mapadri na mahakimu wa jimbo hilo kwa kuwatesa watu wa dini yake. Naye alishitakiwa kwa uchochezi. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Kanada, na katika hukumu inayojulikana kwa mwaka 1951 majaji walimwachia. Walisema kwamba kuikosoa serikali, hata kwa maneno machungu, hakuwi uchochezi mpaka iwepo nia ya kuhimiza fujo au kuvunja mamlaka halali kwa nguvu.

Mzizi wa sheria zote mbili ulikuwa mmoja, Uingereza. Raia wa Kanada aliambiwa kwamba mpaka ni fujo, na mtawaliwa wa Afrika aliambiwa kwamba mpaka ni kuudhika kwa mtawala. Miaka mitatu baada ya mkulima wa Quebec kwenda zake huru, kamati ya Al-Falaq ilisimama kizimbani Unguja. Kwa hiyo tusikubali maneno ya wale wanaosema kwamba watu wetu hawakuwa tayari kwa uhuru wa kusema. Walikuwa tayari tangu zamani. Kilichokosekana ni sheria iliyomtazama Mzanzibari kama mtu mzima.

Tulipojinyamazisha wenyewe

Hata hivyo, historia haitakuwa ya haki tukiweka lawama zote kwa Mwingereza. Katika mgomo ule wa Waarabu, mjumbe mmoja, Sheikh Sultan Ahmed al-Mugheiry, aliona kwamba mgomo umekosea na akarudi barazani. Mwaka 1955 aliuawa. Hakuuawa na serikali. Aliuawa kwa sababu alitoa rai tofauti na ya wenziwe. Jumuiya iliyokuwa imetoka mahakamani kulilia haki ya kusema haikuweza kumlinda mtu wake aliyesema asichokubaliana nacho.

Kisha zikaja zile zinazoitwa zama za siasa. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957, na kila chama kikapata gazeti au magazeti yake. Mwongozi, chini ya Sheikh Ali Muhsin Barwani, lilikuwa kalamu ya Hizbu. Afrika Kwetu, chini ya Mtoro Rehani, lilisema kwa upande wa Waafrika. Mengine yalizaliwa na kufa. Mwenye kuyasoma leo atakuta ndani yake hoja nzito juu ya skuli, ardhi, kazi na katiba. Atakuta pia matusi ya kabila, kejeli za asili ya mtu na utumwa wa mababu, na vitisho vilivyovaa nguo za mzaha. Juni 1961, siku za uchaguzi, fujo zilizuka na watu 68 wakauawa, wengi wao Waarabu wa mashamba.

Hapa wazee wetu wengi huishia wakasema: "Mmeona? Maneno ndiyo yaliyotuua." Hoja hii siidharau, kwa kuwa anayeisema mara nyingi ana maiti wake mwenyewe. Lakini naomba tutenganishe mambo mawili. Kuhimiza mtu apigwe kwa sababu ya kabila lake ni jambo moja, na nchi yoyote yenye akili hulikataza. Kanada nayo ina sheria dhidi ya kuchochea chuki kwa makundi ya watu. Kuikosoa serikali ni jambo jingine kabisa. Sheria ya uchochezi ya kikoloni iliyatia yote mawili katika kapu moja, na mwenye kapu akachagua lipi la kuadhibu. Mwaka 1954 aliwaadhibu waliodai katiba. Damu ya 1961 sheria hiyo haikuizuia.

Kuanzia Zanews mpaka kimya

Mwaka 1962 ikawa zamu ya Abdulrahman Mohamed Babu. Alikuwa katibu mkuu wa Hizbu na mtu wa Zanews, iliyokuwa ikitoa khabari na maoni dhidi ya ukoloni. Alishitakiwa kwa uchochezi na kuhukumiwa kifungo cha miezi 15. Wakati huo serikali ya Waziri Kiongozi Muhammad Shamte, ya muungano wa Hizbu na ZPPP, ilikuwa ofisini, ingawa Mwingereza bado ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho. Babu alitoka mwaka 1963, akaachana na Hizbu, akaunda Umma Party.

Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963. Serikali mpya ilikuwa na watu walioujua uchungu wa sheria ya uchochezi, kwani watu wa Al-Falaq na wa Hizbu walikuwa wa nyumba moja kisiasa. Tungetaraji waivunje sheria ile siku ya kwanza. Badala yake, mwanzoni mwa Januari 1964, kabla ya uhuru kutimiza mwezi, serikali hiyo iliipiga marufuku Umma Party. Siku chache baadaye ilipinduliwa.

Baada ya Mapinduzi kisima kilizidi kina. Magazeti ya vyama yalikoma. Serikali ikawa na gazeti lake, Kweupe, na redio yake, na hapakuwa na sauti ya pili. Ali Muhsin, mhariri wa Mwongozi na waziri wa serikali iliyopinduliwa, alikaa vizuizini Tanzania Bara kwa takriban miaka kumi. Wauza magazeti kama yule mwenyeji wetu wa Flemingdon Park nao walichukuliwa. Lakini walioliwa hawakuwa wa upande mmoja. Abdulla Kassim Hanga, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa juu kabisa wa serikali ya 1964, na Othman Shariff, mwanasiasa mkubwa wa Afro-Shirazi, waliuawa Unguja mwaka 1969 bila ya watu kuonyeshwa kesi ya haki.

Na Babu? Alikuwemo katika Baraza la Mapinduzi lililotawala bila ya magazeti huru, akawa waziri. Rais Karume alipouawa tarehe 7 Aprili 1972, Babu alikamatwa Dar es Salaam. Mahakama ya Unguja, ambamo washitakiwa hawakuruhusiwa mawakili, ilimhukumu kifo naye hayupo kizimbani. Alikaa kizuizini Bara mpaka 1978, na akafariki London mwaka 1996. Katika miaka ya ughaibuni aliandika sana kutetea demokrasia na haki za watu. Mtu aliyefungwa kwa uchochezi na Mwingereza mwaka 1962 alikuja kufungwa kwa muda mrefu zaidi na wenziwe, baada ya kushiriki katika serikali iliyoziba midomo ya wengine. Sisemi haya kwa kumsuta marehemu. Nayasema kwa sababu maisha yake peke yake yanatosha kuwa somo zima.

Kimya kile kilikuwa na gharama ambayo familia nyingi za hapa Toronto zinaijua. Mwaka 1970 wasichana wa Kiithnaasheri waliozwa Unguja kwa nguvu kwa watu wa serikali, na jamaa zao waliopinga wakaadhibiwa. Ulimwengu ulipiga kelele, magazeti ya nje yakaandika. Unguja kwenyewe hapakuwa na gazeti hata moja ambalo baba wa msichana angeweza kupeleka barua yake. Tunapouliza uhuru wa kusema una faida gani kwa mtu wa kawaida asiye mwanasiasa, jibu ni baba yule.

Majirani zetu wa Kampala

Jirani zangu waliotoka Uganda wana kisa kinachofanana na chetu. Rajat Neogy, Mhindi mzaliwa wa Kampala, alianzisha jarida la Transition mwaka 1961, likawa ukumbi wa waandishi wa Afrika nzima. Mwaka 1968 lilichapa barua ya Abu Mayanja, mbunge na mwanasheria, iliyokosoa mapendekezo ya katiba na mambo ya mahakama. Serikali ya Milton Obote iliwakamata wote wawili na kuwashitaki kwa uchochezi, kosa lile lile la kikoloni. Mahakama haikuwatia hatiani, lakini waliendelea kushikiliwa kwa sheria ya hali ya hatari. Neogy alipotoka aliondoka nchini, na jarida likahamia Accra.

Obote alipinduliwa Januari 1971, akawa mkimbizi. Mwaka uliofuata Amin alipotoa siku 90 kwa Wahindi kuondoka, lile jarida la Kampala lililokuwa na uthubutu wa kuuliza "kwa nini" halikuwepo tena Kampala. Sidai kwamba jarida moja lingelimzuia Amin. Nasema kwamba aliyeling'oa alikuwa amemsafishia njia aliyekuja baada yake.

Kalamu inarudi, polepole

Katiba ya Zanzibar ya 1984 ina kifungu cha 18 kinachotambua uhuru wa mtu kutoa maoni yake, na vyama vingi vilirudi Tanzania mwaka 1992. Lakini maandishi ya katiba na mazoea ya watawala ni ndugu wasiokaa nyumba moja. Mwaka 2002 lilianza gazeti la binafsi la Dira, likihaririwa na Ali Nabwa, mwandishi mzoefu aliyeujua utawala wa zamani kwa ndani. Liliandika yaliyokuwa hayaandikwi, yakiwemo ya waliopotea miaka ya 1960. Watu walilisoma kwa kupokezana. Novemba 2003 lilipigwa marufuku, na uraia wa mhariri wake ukatiwa mashaka.

Ndipo sehemu kubwa ya historia yetu ikaandikwa nje. Ali Muhsin alichapisha kumbukumbu zake Dubai mwaka 1997. Mwaka 2009 Thomas Burgess alitoa kitabu kimoja chenye maisha ya watu wawili waliokuwa na njia tofauti, Ali Sultan Issa na Seif Sharif Hamad. Mwaka 2010 Harith Ghassany alitoa Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!, kwa Kiswahili, kikiwa kimejaa sauti za waliohusika. Vitabu hivi havikubaliani, na kila kimoja kina waliokikasirikia. Hilo si kosa lao. Kutokukubaliana hadharani, kwa hoja na ushahidi, ndicho tulichonyimwa tangu 1964.

Kimya tulichokileta wenyewe

Sasa nirudi kwenye fleti yetu. Tangu tarehe 17 Aprili 1982 Kanada ina Mkataba wa Haki na Uhuru ndani ya katiba yake, na kifungu chake cha 2 kinalinda fikra, imani, maoni na uhuru wa vyombo vya khabari. Hakuna askari atakayegonga mlango wa Flemingdon Park kwa sababu mzee kamwambia mjukuu wake aliuza gazeti gani. Hata hivyo mzee alisema, "Tule kwanza."

Kwa nini? Kwanza, khofu haipotei kwa kuvuka bahari. Aliyezoea kushusha sauti anapotaja jina la mkubwa hushusha sauti hata ghorofa ya kumi na tano Toronto. Pili, wengi wana jamaa waliobaki nyumbani, na hawataki neno la huku limdhuru mtu wa kule. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, tumekaa pamoja. Aliyefungwa na aliyekuwa upande wa waliofunga wanasali safu moja na watoto wao wameoana. Tunaogopa kwamba tukisema tutavunja undugu, na tunaita kimya chetu staha.

Staha ni jambo jema, lakini staha hii watoto wetu wanailipia. Kwa kuwa hatuwaambii, wanaokota vipande: tusi moja walilosikia harusini, picha moja ya maiti wasiojua ni nani, hadithi ya upande mmoja isiyo na jina wala tarehe. Vipande hivyo ndivyo walivyovitumia waandishi wabaya wa 1961. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mshindo huo huwapata wasiokuwepo.

Wiki mbili baada ya khitma, kijana yule alirudi kwa babu yake na simu ya kurekodi. Mzee akamwita jirani yake, yule aliyekuwa Afro-Shirazi, akae naye. Nilikuwepo, nikiwa nimeombwa nitafsiri pale Kiswahili cha kijana kinapokwama. Walizungumza saa tatu. Walibishana juu ya kura za 1961, juu ya nani alianza, juu ya maneno yaliyochapwa katika gazeti lipi. Mara moja jirani alinyanyuka akitaka kuondoka, mama wa nyumba akamletea kahawa, akakaa. Mwishoni kijana akauliza tena, "Basi, Babu, kosa lako lilikuwa nini?"

Mzee akasema, "Niliuza gazeti."

Jirani akaongeza, taratibu, "Na mimi niliona unachukuliwa, nikanyamaza."

Nawaomba wasomaji wa jarida hili wafanye kama kijana yule. Mwenye nakala ya zamani ya Mwongozi, Afrika Kwetu, Samachar au Al-Falaq ndani ya sanduku la marehemu asiitupe. Aipige picha na aandike ilitoka kwa nani. Mwenye mzee amhoji, na akimaliza, amtafute mzee wa upande wa pili amhoji naye. Na jarida letu, ninaloliheshimu, lichapishe barua za wanaotupinga kwa nafasi ile ile linayotupa sisi, likiwemo jibu la yeyote atakayeona kwamba makala haya yamekosea.